Ukungu Ndani ya Vichupa

Kituo kizima cha polisi kilimwita Inspekta wao Kupe, na sababu haikufichika: aking'ang'ania jambo habanduki mpaka ashibe. Wenzake walilitaja jina hilo akiwa amewapa mgongo. Koplo, mama mtu mzima aliyekuwa ukingoni mwa kustaafu, alimwita hivyo usoni pakavu, tena mbele ya wageni.

"Kupe, yule mtuhumiwa wako kauliza tena," alisema asubuhi hiyo, akitua kikombe cha chai juu ya meza ya Inspekta.

"Kauliza nini?"

"Lile lile la jana. Eti, vichupa viko kwenye baridi? Wakili hamtaji, mahakama haiulizii, roho yake yote iko kwenye vichupa. Mwanangu, asiye na hatia huuliza atatoka lini."

"Na mwenye hatia huuliza vichupa?"

"Mwenye hatia huuliza kile anachoogopa kisije kikamuumbua."

Kupe alikunywa chai yake. Koplo alikuwa amewaona wauaji wengi kuliko yeye, na mara nyingi pua yake haikukosea.

Kwa mtu wa nje, kesi ilikuwa imekwisha. Mkuu wa maabara ya kiwanda cha hamira, ambaye kila mtu alimwita Mzee, alikutwa asubuhi na mfagizi, amelala chini kando ya meza yake ya kazi, kisogo kimepasuka. Daktari alisema alisukumwa akajigonga kwenye pembe ya meza, kisha akapigwa tena akiwa chini, makusudi asiinuke. Saa ya kufa daktari hakuweza kuitaja. Chumba kile huwekwa joto mchana na usiku kwa ajili ya hamira, na maiti iliyolala kwenye joto husema uongo kuhusu saa yake.

Saa ilipatikana kwenye vichupa. Jioni ile Mzee alikuwa akipima jinsi hamira mpya inavyokula sukari. Kila robo saa alichota maji kidogo kutoka kwenye chupa kubwa yenye hamira na sukari, akayatia kwenye kichupa kilichoandikwa saa ubavuni, akakisimamisha ndani ya ndoo ya barafu. Vichupa vyote kumi na viwili vilikutwa vimejaa, na cha mwisho kilisema saa mbili kasorobo usiku. Basi ilionekana kwamba saa mbili kasorobo Mzee alikuwa bado mzima. Na ni saa hiyohiyo mlinzi wa geti alipomwona msaidizi wake, mwanamke, akirudi kiwandani mbio na kutoka tena mbio. Mapema jioni hiyo watu walikuwa wamewasikia wawili hao wakigombana mpaka sauti zao zikafika korido ya chini. Ungetaka nini zaidi? Kesho asubuhi Msaidizi angesomewa shitaka la mauaji, na shitaka hilo halina dhamana.

Kupe ndiye aliyemkamata. Hata hivyo kesi hiyo ilimkaa kama shati la kuazima: linaenea mwilini, lakini unajua si lako. Alisukuma kikombe pembeni, akashika njia ya chumba cha vielelezo, Koplo nyuma yake akilalamikia magoti.

Vichupa vilikuwa ndani ya friji, vimebanwa kati ya mfuko wa bangi na chupa za pombe haramu. Kupe alikitoa kishikilio chao, akakiinua dirishani penye mwanga. Alitazama kwa muda mrefu kiasi cha kumchosha Koplo.

"Unaona nini huko, mbingu?"

"Hebu na wewe tazama. Hivi vitano vya mwanzo."

"Maji."

"Na hivi vingine?"

Koplo alikunja uso. Vichupa vitano vya mwanzo vilikuwa safi, ungeweza kuona kidole nyuma yake. Kuanzia cha sita mpaka cha mwisho, kulikuwa na tope jeupe lililotuama chini, na Kupe alipovitikisa, ukungu ukapanda ukajaza kichupa.

"Vimechacha," alisema Koplo.

"Vyote vililala ndoo moja, vikaja huku pamoja, vikaingia friji moja. Kwa nini hivi vimechacha na hivi havikuchacha?"

"Mimi nilisoma upishi, mwanangu. Muulize mwenye vichupa."

Mwenye vichupa aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiburuta viatu vilivyotolewa kamba. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, na digrii mbili ambazo siku hizo hazikumsaidia hata kupata sabuni. Kabla hajakaa, akauliza.

"Afande, viko kwenye baridi?"

"Viko. Sasa nieleze wewe, vinakuhusu nini?"

"Ndiyo kazi ya mwisho ya Mzee. Vikipata joto, imepotea."

Koplo, aliyesimama mlangoni, akaguna kwa sauti ya kutosha kusikika.

"Mligombana kwa nini?" Kupe akauliza.

"Kwa sababu ya majibu. Alitaka kuyatangaza kesho yake mbele ya wakurugenzi. Mimi nikasema turudie kupima kwanza, hamira hii ina mwenyewe, na mwenyewe ni mkubwa, utatuponza. Akaniita mwoga." Msaidizi alitazama meza. "Nikamwambia, haya, fanya peke yako. Ndiyo maneno niliyoagana naye."

"Mwenyewe ni nani?"

"Naibu wake. Bosi Mdogo. Shemeji yake."

Kupe alimfahamu. Bosi Mdogo alikuwa mdogo wake mke wa Mzee, naibu mwenye kusimamia upande wa uzalishaji, na ndiye aliyekuja kituoni siku ya kwanza kueleza kwa upole jinsi binti huyu alivyokuwa na hasira za karibu.

"Amewaambia wakurugenzi kwamba hamira yake inakula sukari za aina mbili kwa pamoja," Msaidizi aliendelea. "Hiyo ni ajabu, afande. Hamira ya kawaida ni kama mtoto. Mwekee peremende na mboga, atamaliza peremende kwanza, mboga ataigusa akishakosa la kufanya. Ikipatikana isiyochagua, unga unaumuka upesi, kiwanda kinatajirika. Wamekwisha kumwahidi ukurugenzi wa kiwanda kipya kwa ajili ya hamira hiyo."

"Na inachagua?"

"Inachagua kama zote. Tulipima mara moja, tukaona. Siku ile Mzee alikuwa anapima mara ya mwisho."

Kupe aliandika neno moja kisha akalikata. Mtuhumiwa kumtupia mwenzake lawama halikuwa jambo geni katika chumba hicho. Kiti kile kilikuwa kimewasikia wengi wa namna hiyo.

"Ukarudi kufanya nini usiku?"

"Funguo za nyumba. Nilimpeleka mama zahanati akapimwe presha, tumefika mlangoni sina funguo. Nilizisahau kwenye kabati langu, korido ya chini. Nilipotoka niliona taa ya maabara inawaka. Nikasema moyoni, leo simwamkii, mpaka aniombe radhi." Kisha akauliza polepole: "Afande, nilivyosimama pale chini, alikuwa ameshakufa?"

Kupe hakujua. Ama mwanamke huyu alikuwa bingwa wa uongo, ama swali hilo lilikuwa likimla kila usiku.

"Nieleze mnavyochota. Usiruke hata kitu kidogo."

Alieleza, na mikono yake ikawa inafanya kazi hewani. Unachota kwa sirinji. Unachomeka kichujio kwenye ncha yake, kidude cha duara kama kifungo. Unasukuma. Hamira inanasa kwenye kichujio, na maji matupu yenye sukari iliyobaki ndiyo yanayoingia kichupani.

"Kwa nini muiondoe hamira?"

"Hamira haijui kwamba umeshachota. Ukiitia humo ndani itaendelea kula, na barafu inaipunguza kasi tu. Asubuhi utapima sukari ambayo si ya saa ile."

"Siku zote mnachuja?"

"Wapi! Tangu wiki iliyopita tu. Zamani tulitegemea barafu peke yake, kiwanda kizima kinafanya hivyo. Mashine ya barafu ikaharibika, majibu yakawa hayaeleweki, ndipo nikaagiza vichujio. Mashine ilipopona Mzee akasema tutachuja na barafu tutaweka, yote mawili."

"Nani mwingine anajua?"

"Nani aje kule juu? Mlango ule tunaingia mimi na Mzee. Bosi Mdogo alikuwa hakanyagi, walikuwa hawasemeshani tangu mwezi uliopita."

"Na saa za ubavuni anaandika nani?"

"Mzee. Anaviandika vyote kabla ya kuanza, vikiwa vitupu, anavipanga mstari. Hapendi kushika kalamu katikati ya kazi."

Kupe akatoa mfukoni kichupa cha mwisho, akakitikisa, akakiweka mbele yake. Ukungu ulizunguka ndani. Msaidizi alikitazama, akakiinua, akakirudisha mezani kana kwamba kimemwunguza.

"Hiki si cha Mzee."

"Mwandiko wake."

"Mwandiko ndiyo. Mkono uliokijaza si wake."

Nje, koridoni, Koplo hakungoja mlango ufungwe. "Amekufundisha cha kuona, na wewe umekiona! Kupe mzima unaingizwa mjini na mahabusu? Vichujio vilikwisha, Mzee akaendelea bila vichujio. Basi."

"Huenda."

"Na kama havikwisha, aliyevijaza ni huyuhuyu, ili leo akwambie hayo aliyokwambia."

"Hilo nalo huenda. Nenda zahanati ukamuulize nesi, huyu binti na mama yake walikaa hapo saa ngapi hadi saa ngapi. Mimi nampelekea mkemia wa serikali matone ya hivi vitano visafi. Halafu tutakwenda kumsumbua Bosi Mdogo."

Alasiri majibu yote mawili yalikuwa mezani. Nesi aliwakumbuka vizuri, maana yule mama aligoma kupandishiwa mkono wa gauni. Walifika kabla ya saa kumi na mbili, wakakaa foleni mpaka saa moja imepita. Mkemia naye alisema sukari ya kwanza ilikuwa ikishuka kichupa hadi kichupa kama mtu ateremkaye ngazi, na sukari ya pili haikuguswa hata kidogo. Hamira ya Bosi Mdogo ilikuwa mtoto wa peremende kama wenzake. Kichupa cha tano kiliandikwa saa kumi na mbili kamili.

Bosi Mdogo aliwapokea maabara kwa heshima zote. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, aliyenukia vizuri, na kila sentensi yake ilianza na marehemu.

"Marehemu alikuwa kaka yangu zaidi ya shemeji. Ulizeni lolote."

"Sisi polisi tunaijua sukari ya chai tu, mkubwa," Kupe alisema, akijikuna kichwa. "Kesho hakimu ataniuliza vichupa hivi vinajazwaje, nami nitatoa macho. Wewe unaijua kazi hii?"

"Naijua?" Bosi Mdogo alicheka kidogo. "Nimeianza mimi hapa, kabla ya huyo binti kuzaliwa kikazi. Mambo yote ya chumba hiki nayajua kama ya nyumbani kwangu."

"Basi nionyeshe, tafadhali. Polepole, kichwa changu kizito."

Bosi Mdogo alivaa glavu. Alitoa chupa ya hamira kwenye mashine ya kutikisa, akachukua sirinji, akachota, akasukuma moja kwa moja ndani ya kichupa kitupu, akakifunika na kukizamisha kwenye barafu. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa mtu aliyefanya hivyo mara mia.

"Hapo hamira inalala. Kazi imekwisha."

"Imekwisha kabisa? Hakuna kingine katikati?"

"Hakuna."

Koplo alikuwa amesimama karibu na dirisha. Kupe alimsikia akivuta pumzi. Kupe alikichukua kile kichupa, akakitikisa, akakiweka mezani pembeni ya vingine alivyokuja navyo. Kilifanana na vile saba kama pacha.

"Na kichujio je?" Kupe akauliza.

"Kichujio gani?"

"Cha kuondolea hamira."

Bosi Mdogo alivitazama vichupa vyote, visafi na vyenye ukungu. Akavua glavu, kidole kimoja kimoja.

"Ah, vile. Bila shaka vilimwishia marehemu katikati ya kazi, akaendelea hivyohivyo."

Koplo alivuta droo ya meza. Boksi la vichujio lilikuwa limejaa. Alilifunga tena, na Kupe alijua kwamba kuanzia hapo yule mama yuko upande wake.

"Naomba unisaidie kufikiri, mkubwa," Kupe alisema, na safari hii hakujikuna kichwa. "Vitano vya kwanza vimechujwa. Hivyo ni vya Mzee. Hivi saba havikuchujwa. Mzee asingefanya hivyo na vichujio viko droo hiyo hapo. Basi Mzee alijaza cha saa kumi na mbili, na kilichofuata hakukifikia. Kuna mtu alikuta vichupa vitupu vimekwisha andikwa saa, akavijaza vyote kwa mkupuo, tumwone Mzee yu hai mpaka saa mbili kasorobo."

"Huyo binti! Ni mjanja sana, afande, mimi nilisema tangu mwanzo."

"Nilimshuku yeye kabla yako. Lakini yeye ndiye aliyeleta vichujio. Angetaka kuuiga mkono wa Mzee angechuja. Tena, mtu akighushi saa, hughushi saa inayomfaa. Binti ana nesi wa kumshuhudia saa kumi na mbili. Saa mbili kasorobo hana shahidi ila mlinzi aliyemwona getini. Ajitoe penye usalama ajitie kitanzini, kwa faida gani?"

Bosi Mdogo alizikunja glavu, akazitia mfukoni.

"Kila mtu anajua wewe ulikuwa humu kiwandani mpaka karibu saa moja. Hukuficha, wala hatukukuuliza, kwa sababu Mzee eti alikuwa bado mzima. Kuanzia saa moja ulikuwa kwa dada yako. Katika watu wote ninaowajua, ni mmoja tu ambaye saa ile ya kwenye vichupa inamwokoa. Na mtu huyo anajua kuchota, anajua barafu, ila hajakanyaga chumba hiki tangu vichujio viletwe."

"Una maji yenye ukungu, Inspekta. Peleka mahakamani wakucheke."

"Nina sirinji pia. Ilikuwa kwenye pipa la taka la chumba hiki, haina kichujio, tukaiweka pamoja na makaratasi. Jana ilikuwa uchafu. Sasa hivi watu wa alama za vidole wanaichezea. Unakumbuka kama siku ile ulivaa glavu?"

Bosi Mdogo aliinamisha macho, akazitazama ncha za vidole vyake. Koplo naye alizitazama. Kisha akatoa pingu, na kwa sauti ya mama anayemwita mtoto kuoga akamwambia, "Njoo, baba, lete mikono."

Waliporudi kituoni mjane wa Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi. Alikuja kila siku tangu msiba. Hakuja kuuliza kitu. Alikuja kuhakikisha yule msichana hajaachiwa, na mara mbili alimtukana kupitia nondo mpaka askari wakamtoa. Koplo alimpitisha Bosi Mdogo mlango wa nyuma. Kupe alibaki na kazi ambayo angemlipa mtu amfanyie.

Alikaa kando yake. "Mama, nina swali moja. Siku ile, mdogo wako alifika kwako saa ngapi?"

"Saa moja. Nimeshasema. Taarifa ya habari ilikuwa inaanza."

"Alikuwaje?"

"Alikuwaje vipi? Alikuwa kama siku zote. Alinawa, akasema ana njaa, nikamwandalia, akala." Aligeuka, akamtazama Kupe machoni. "Kwa nini unaniuliza habari za mdogo wangu?"

Kupe alisogea karibu naye benchini. Mlango wa mahabusu ulifunguliwa na Msaidizi akatokea, kamba za viatu mkononi, hajui azifunge kwanza au akimbie kwa mama yake. Alipomwona mjane alisimama ghafla, akijikinga kwa bega kama mtu anayesubiri matusi. Mjane alimtazama yeye, akamtazama Kupe, akautazama ule mlango wa nyuma alikokuwa akitokea Koplo, peke yake, akipachika funguo za pingu mkandani.

Matusi hayakuja.

"Aliniambia nimwekee shemeji yake chakula," mjane alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anaeleza bei ya kitu sokoni. "Alisema, dada, kifunike vizuri, shemeji anachelewa leo, asije akakikuta kimepoa. Nikakifunika. Nimekaa nacho mpaka saa sita, nimekipasha moto mara mbili."

Msaidizi aliziacha kamba zianguke sakafuni. Alikwenda akakaa upande wa pili wa benchi, akamshika mjane mkono, na yule mama hakuuondoa.